Vichwa Vitano

Saa kumi alfajiri nimevuta wavu
chini ya Nguba, pale taa za matajiri
zinapotandaa majini kama mafuta yaliyomwagika.
Bidoni ya njano ilikuwa imecheza mara mbili.
Nikasema: leo.
Mikono ikajua kabla ya macho.
Wavu mtupu una wepesi wake,
na wavu ulioibiwa una wepesi mwingine,
ni kama kupapasa kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Vichwa vitano vya tilapia.
Vichwa tu, vimenasa kwa mashavu, midomo wazi,
kama watu waliokatizwa katikati ya neno.
Na matundu matatu: ngumi yangu inapita,
ya Zihindula nayo inapita palepale, bila kugusana.

Fisi maji.
Aliyekupa jina hilo alikuonea kidogo,
maana fisi wa nchi kavu hungoja mzoga.
Wewe unakula riziki ingali inapumua.

Ngoja nikusomee hesabu, kwa kuwa huna daftari.
Nyuzi za wavu huu nilikopa kwa Mama Nsimire, Kadutu,
jina langu ameliandika kwa kalamu nyekundu.
Tilapia wawili walikuwa ada ya Murhula,
wiki ya pili hii anarudishwa mlangoni mwa shule
na viatu vyake safi.
Mmoja wa betri ya taa.
Mmoja wa Zihindula, ambaye akikasirika hasemi,
anatema mate majini na kuyatazama yanavyokwenda.
Wa mwisho alikuwa wetu, na bugali, na pilipili.
Umekula shule, ukala mwanga, ukala mshahara wa mtu,
halafu ukajipangusa sharubu.

Wa sita sikumhesabu.
Wa sita huwa ni wa wale wenye muhuri pale ufukoni,
wanaokata jeto hata siku mtumbwi umerudi na maji matupu.
Hao hawajawahi kuniachia hata kichwa.
Lakini wao siwategi.
Kwao navua kofia.

Jumanne nilikuona.
Uliinuka hatua tatu kutoka mtumbwini,
umelala chali, samaki wangu kifuani,
unamtafuna kwa sauti, kama mtoto anayekula muwa.
Doa jeupe shingoni mwako, sijui nani alikufulia.
Nikainua kasia. Nilikupiga kwa deni lote,
kwa kalamu nyekundu, kwa viatu safi,
kwa kila kofia niliyoivua.
Nikapiga maji.
Kasia likavunjika kwenye ukingo wa mtumbwi,
pap, kama kuni kavu.
Tukarudi tukipiga maji kwa sahani ya chakula,
mimi kulia, Zihindula kushoto kwa mfuniko wa sufuria,
na wasukuma sambaza wa mitumbwi mitatu
wakaacha kuimba ili watucheke vizuri.

Nyumbani M'Cirhuza aliuliza kasia liko wapi.
Nilipomweleza, alishika mlango.
Alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akachukua vile vichwa vitano,
akavipika na nyanya na sombe.
Tulinyonya macho, tukanyonya mashavu.
Nitasema ukweli: vilikuwa vitamu.
Hasira yangu ilitaka visiwe vitamu.

Juzi kuna jirani ameleta dawa ya panya,
ifungwe ndani ya samaki mmoja, asema, na utalala.
Ipo juu ya kabati, kwenye kipande cha gazeti.
Kila jioni naitazama.
Murhula naye ameiona, hajauliza.

Na usiku huu tena nipo majini, kasia la kuazima,
gizani nasikia mluzi wako upande wa Muhumba,
mfupi, mfupi, halafu kimya.
Zihindula anageuza mtumbwi kabla sijasema.
Palipo na mluzi kuna samaki,
kila mvuvi wa hapa anajua, na hakuna anayekushukuru.
Tunashusha wavu polepole
karibu na meno yako.